Inchi Hamsini

Bi Tepu alikuwa mtu wa kugombana na vitambaa. Kikikunjamana alikikemea, kikichuja rangi alikitolea maneno, na siku moja alipokuta dosari katikati ya jora zima alilibeba mwenyewe hadi dukani, akalibwaga mbele ya muuzaji na kumwambia, "Lifungue mwenyewe, uone haya mwenyewe." Wateja walimpa jina hilo kwa sababu ya tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake kuanzia asubuhi hadi jioni, na wenye utani walidai anaoga nayo. Yeye alijibu kwamba huivua akienda kulala tu, isije ikamnyonga kabla hajamaliza nguo za watu. Miaka ya karibuni ugomvi wake mkubwa ulikuwa kwamba vitambaa vimeharibika, vinarefuka vikifuliwa. Magauni yake mwenyewe, aliyokata kwa karatasi ileile ya vipimo vyake ya miaka yote, yalikuwa yanaburuta, na kila mara alilazimika kupandisha upindo. Akifanya hivyo aliwalaani wenye viwanda mpaka uzi unaisha.

Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa ameshona katika chumba kilekile. Kilikuwa na dirisha moja la kutazama barabara, meza ndefu ya kukatia, kioo kilichopasuka pembeni, na cherehani mbili zilizowekwa zitazamane. Moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya dada yake mkubwa, marehemu, na ilifunikwa shuka. Mteja akiuliza kwa nini haiuzwi, Bi Tepu alijifanya hakusikia, naye alikuwa na masikio ya kusikia pini ikidondoka nje ya mlango.

Shida yake ilianza na jora. Kusema kweli ilikuwa imeanza zamani, ila jora ndilo lililoitangaza. Asubuhi moja alinyoosha mikono kulishusha kutoka rafu ya juu, jora la bitana, jepesi kabisa, na katikati ya mgongo akasikia kitu kikilia ka, kama kijiti kikavu. Akakaa chini taratibu, akangoja maumivu yapite. Hayakupita. Siku tatu alishona ameegemea mto, akiwaambia watu amelala vibaya. Siku ya nne akashindwa kuinama kufunga viatu, na hapo ndipo alipokubali kwenda hospitali.

Alipigwa picha ya mgongo, akalazwa chini ya mashine inayopima uzito wa mifupa, kisha akaingizwa kwa daktari, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni na haraka usoni.

"Bibi," daktari alisema, "pingili moja ya mgongo imebonyea. Na mifupa yako imedhoofika. Imekuwa na matundu ndani, kama chandarua kilichochakaa. Ni kawaida kwa umri wako."

"Nina miaka sitini na mitatu," Bi Tepu alisema. "Bibi yako ana mingapi?"

Daktari alicheka kidogo, akaendelea kuandika. Vidonge vya maumivu. Vidonge vya chokaa ya kuimarisha mifupa. Maziwa. Asinyanyue vitu vizito. Apumzike.

"Na pingili nyingine?"

"Tutaziangalia."

"Mtaziangalia zikiwa zimevunjika?"

Lakini mlango ulikwisha kufunguliwa, mgonjwa mwingine ameshaingia, na Bi Tepu akajikuta kwenye korido na mfuko wa vidonge mkononi. Alijichukia njia nzima ya kurudi. Mwanamke aliyeweza kurudisha jora zima la kitambaa alikuwa ameshindwa kurudisha jibu moja la ovyo.

Kufa hakukumtisha sana. Alichokiogopa ni kitanda. Miaka mitatu iliyopita dada yake aliteleza kizingitini, akavunjika nyonga, na kwa miezi minne Bi Tepu alimwona mtu aliyekuwa akitembea kwa mikogo akigeuzwa ubavu huu na ubavu ule na watu wawili, mgongo umemchubuka, macho yako darini. Watu walisema ni uzee. Yeye mwenyewe alisema ni uzee. Walimzika kwa neno hilo, na hakuna aliyeuliza la pili.

Kwa hiyo baada ya wiki mbili alirudi hospitali, safari hii akisindikizwa na binti wa dada yake, mwalimu wa shule ya msingi, aliyembebea mkoba na kumshika mkono kwenye ngazi. Maswali yake alikuwa ameyaandika kwa chaki ya fundi kwenye kipande cha karatasi ya kukatia. Binti alipoyaona alitaka kucheka.

"Mama mdogo, haya si yatafutika kabla hujafika?"

"Nimeyashika kichwani. Karatasi ni ya kumtisha daktari."

Mezani kwa muuguzi alipimwa uzito, akapimwa presha, halafu akamwona muuguzi akitazama mstari wa juu wa kadi na kuandika palepale chini yake: urefu, sentimita mia moja sitini na mbili.

"Hujanipima," Bi Tepu alisema.

"Urefu haubadiliki, mama. Si uko hapa? Mia na sitini na mbili, kila mwaka, miaka sita."

"Kila mwaka mmenakili. Nipime."

"Kile kipimo cha ukutani kimeng'oka."

Bi Tepu alivua tepu shingoni, akaiweka mezani. Akavua viatu, akaenda kusimama ukutani, visigino vimegusa, kidevu sawa, kama alivyowasimamisha watu maelfu. Foleni nzima iligeuka kutazama. Muuguzi alisonya, lakini akasimama. Alipima mara moja, akapima tena kwa kutumia kitabu kilicholazwa juu ya kichwa. Mia moja hamsini na tano.

Bi Tepu alikuwa amejiandaa kushinda, hakuwa amejiandaa kwa sentimita saba. Alivaa viatu vyake polepole.

Daktari aliisoma namba mpya, akakuna shingo. Alikiri kwamba ipo dawa ya kuzuia mifupa isizidi kupungua, lakini haitoshi watu wote, na wanaopewa ni wale wenye ushahidi kwamba mifupa inaendelea kuporomoka. "Wewe pingili moja imebonyea ulipokuwa ukinyanyua jora. Na hii mia na sitini na mbili labda ilikosewa tangu siku ya kwanza. Sina kitu cha kunionyesha kwamba umefupika, wala ni lini."

"Nikikuletea?"

"Nini?"

"Vipimo vyangu. Vya mwaka baada ya mwaka, na tarehe zake."

Daktari aliweka kalamu chini. "Vilivyopimwa na nani?"

"Na fundi," Bi Tepu alisema, akainuka.

Sheria ya chumba kile cha kushonea ilikuwa kwamba fundi hajipimi mwenyewe. Ukijipima unainama, na ukiinama tepu inadanganya. Kwa hiyo kila mwaka, wiki ya mwisho kazi zikipungua, wale ndugu wawili walishoneana gauni moja moja. Huyu anasimama, yule anapima, na namba zinaingia kwenye kurasa mbili za mwisho za daftari la vipimo, kila mtu na ukurasa wake. Ilikuwa ndiyo siku yao. Walifunga mlango, wakanywa chai na kusengenya wateja.

Jioni ile Bi Tepu alifungua daftari kwenye ukurasa wake juu ya meza ya kukatia, binti wa dada yake akiwa ameenda jikoni kuteleka maji. Mwandiko ulikuwa wa dada, mdogo, umelala upande. Bega hadi kifundo cha mguu: inchi hamsini na mbili. Mwaka uliofuata hamsini na mbili. Miaka na miaka hamsini na mbili. Kisha hamsini na moja na nusu. Kisha hamsini na moja, na Bi Tepu akakumbuka jinsi alivyomtania mwaka ule, "Dada, tepu umeishika kama unashika nyoka." Kisha mstari wa mwisho, ambao hakuutazama tangu siku ile. Namba aliyoiandika dada ilikuwa hamsini. Ilikuwa imekatwa kwa kalamu nzito, mara mbili, na juu yake pameandikwa hamsini na mbili kwa mwandiko mwingine. Mwandiko wake yeye.

Akakaa kwenye kigoda.

Miaka mitano iliyopita dada alimshonea gauni la samawati lenye vidoti vyeupe. Alipolimaliza alilitandaza mezani, na Bi Tepu, badala ya kulivaa, alilichukua akalilaza juu ya karatasi yake ya kukatia. Lilipungua inchi mbili. Walikuwepo wateja wawili chumbani.

"Dada, hili umemkatia nani?"

"Wewe. Livae."

"Nilivae la nini? Karatasi si hii hapa?"

"Gauni linavaliwa na karatasi? Nimekupima kwa mikono yangu. Livae kwanza."

"Macho yako yamekwisha, Dada. Utatuharibia wateja."

Alilisema hivyo, mbele za watu, kwa ile sauti aliyowasemeshea wauza vitambaa. Dada, aliyekuwa na pini mdomoni, alizitoa moja moja na kuzichomeka kwenye mto wake. Alikunja gauni, akaliweka juu ya cherehani ya mdogo wake, akachukua mkoba. Hakurudi tena kufanya kazi pale. Siku ileile Bi Tepu alilikata lile hamsini kwenye daftari, akaona amesahihisha kosa.

Na kitandani, mwezi wa tatu wa ile minne, dada alimuuliza swali moja tu juu ya jambo lile. "Lile gauni ulilivaa?"

"Bado."

"Lijaribu tu."

"Nitalijaribu," Bi Tepu alisema, akamtengenezea mto. Hakulijaribu. Lilikuwa ndani ya sanduku, limekunjwa vilevile.

Na huyu alikuwa fundi. Aliweza kumtazama mwanamke anayeingia mlangoni na kujua kwamba mgongo umeanza kupinda, kwamba gauni lake litakatwa fupi mbele na refu nyuma, na angelikata hivyo bila kumtia mwenyewe aibu. Aliwaona wote. Alisimama mbele ya kioo kilekile kila siku na hakujiona. Akapandisha upindo wake miaka mitano na kuvisingizia vitambaa. Yule muuguzi aliyenakili namba ya mwaka jana, alikuwa amekosa nini ambacho yeye hakukikosa kwanza? Alilia, na hakulia kwa ajili ya mifupa.

Wazo la kutorudi lilimjia. Daftari lingebaki rafuni, dada angebaki amezikwa na macho yake mabovu, na hakuna ambaye angejua. Kisha akakumbuka kitanda kile. Akaliingiza daftari mkobani.

Daktari alilifungua siku iliyofuata kwa adabu ambayo hakuwa nayo mwanzo. Alipitisha kidole chini ya namba, mwaka kwa mwaka, akizibadilisha kuwa sentimita kwenye karatasi yake. Binti wa dada alikuwa amekaa pembeni. Kidole kikafika mwisho, kikasimama.

"Hapa pana namba mbili. Hamsini imekatwa, juu yake imeandikwa hamsini na mbili." Aliinua macho. "Kama ni hamsini na mbili, basi hujafupika, na hizi za katikati ni makosa ya tepu tu. Ipi ya kweli?"

Chumba kilikuwa kidogo. Feni ilizunguka. Bi Tepu alihisi binti wa dada yake akigeuka kumtazama.

"Iliyokatwa," alisema.

"Nani aliikata?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sikuipenda. Aliyenipima alikuwa dada yangu. Alipima sawa. Nilimwambia macho yake yamekwisha, nikamfukuza kwa maneno. Hakukosea hata nusu inchi. Mwenye kosa ni mimi." Akamsogezea daktari daftari. "Sasa umeuona ushahidi wako, daktari. Miaka mitano iliyopita nilikuwa nimeshapoteza inchi mbili na hapakuwa na jora lolote. Jora halikunivunja. Nilikuwa navunjika kidogo kidogo, na ninaendelea. Naitaka hiyo dawa. Na sitoki hapa kwa vidonge vya chokaa."

Daktari aliuliza taratibu, "Kuna mtu katika familia yenu aliyewahi kuvunjika nyonga?"

"Mama yangu," binti wa dada alisema. "Huyo huyo aliyempima."

Daktari alivuta karatasi nyingine. Aliandika dawa ya kumeza mara moja kwa wiki, picha nyingine ya mgongo mzima, na tarehe ya kurudi. Akamweleza jinsi ya kuimeza, na asilale baada ya kuimeza, na jinsi ya kuinama kwa magoti. Alimgeukia binti pia, akamwambia kwamba na yeye umri ukisogea aje kupimwa, asingoje kuanguka. Safari hii alijibu kila swali la ile karatasi ya chaki, hata lile lililokuwa limefutika nusu. Bi Tepu aliuliza la mwisho.

"Na inchi zilizokwisha kupotea?"

"Hazirudi, mama. Tunazuia zilizobaki."

Kwenye korido binti wa dada alitembea mbele yake hatua mbili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Walipofika kwenye benchi karibu na mlango alisimama.

"Mama aliniambia aliacha kazi kwa sababu haoni vizuri," alisema. "Alinunua miwani, Mama mdogo. Mara mbili. Akasema zote hazifai. Watu walimletea nguo nyumbani, akawa anazirudisha. Alisema anaogopa kuwaharibia."

Bi Tepu alikaa kwenye benchi. Yote aliyoyafikiria usiku na mchana, hilo hakulifikiria. Alidhani dada aliondoka kwa hasira. Kumbe aliondoka akiwa amemwamini.

"Macho yake yalikuwa mazima," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Binti alikaa benchi lilelile, mkoba katikati yao, na wakakaa hivyo mpaka mlinzi akaja kuwauliza kama wanamsubiri mtu. Kisha akampa mkono wa kuinukia, kwa sababu ngazi zilikuwa bado zipo.

Walipofika nyumbani Bi Tepu alimwomba amfungulie sanduku. Gauni la samawati lilitoka na mistari ya kukunjwa iliyokwisha kuwa migumu. Alilivaa nyuma ya pazia, taratibu, akitoka kifungo kimoja kwenda kingine. Mabega yalikaa. Kifua kilikaa. Mbele lilikuwa limekatwa fupi kidogo kuliko nyuma, kwa siri, bila kumtia mwenyewe aibu.

"Chukua tepu," alimwambia binti. "Nipime."

"Mimi si fundi, Mama mdogo."

"Bega hadi kifundo cha mguu. Usome unachokiona, usisome ninachokitaka."

Binti alipima, akachuchumaa, akasoma. "Arobaini na tisa."

"Andika. Weka tarehe." Alisubiri kalamu imalize. "Na ile iliyokatwa iandike upya pembeni yake. Hamsini. Na jina la mama yako mbele, yeye ndiye aliyepima."

Binti aliandika. Ilimchukua muda mrefu kuliko neno lenyewe. Bi Tepu alikuwa amegeukia cherehani iliyofunikwa shuka, mikono imelala juu ya vidoti vyeupe.

"Nimelijaribu, Dada," alisema. "Limenitosha."

Lingemtosha sawasawa miaka mitano iliyopita. Sasa upindo ulikuwa umeshuka chini ya kifundo. Binti wa dada yake alichukua pini kwenye mto, akapiga magoti, akaanza kupandisha ile inchi moja iliyozidi.